Mguu wa Mpiga Dramu

Kijana mmoja anayeipigia kwaya dramu mjini Tarime ana chumba kidogo: jiko la mama yake liko upande huu, jirani upande ule. Dramu za kanisani zingemleta balozi wa nyumba kumi mlangoni kabla wimbo haujafika kiitikio. Kwa hiyo nyumbani anapiga dramu ya umeme, iliyofungwa kwenye fremu ya chuma pembeni mwa kitanda.

Anaketi kwanza, vyombo vimfuate. Anashusha stuli mpaka goti likae chini kidogo ya nyonga. Snea anaivuta katikati ya magoti. Tomu anazilaza taratibu, akijaribu kila moja, mpaka ncha ya kijiti itue juu yake bila yeye kukunja kifundo cha mkono. Chini ya pedali ametandika kapeti juu ya kipande cha godoro, maana kishindo cha mguu husafiri kwenye sakafu ya saruji hata kama mikono haisikiki. Anaikanyaga kujaribu.

"Baba, leo miguu haisikiki," mama anasema kutoka jikoni.

"Ahsante, mama."

Ndipo anavaa hedifoni na kuwasha kisanduku cha sauti. Chini ya wavu uliowambwa kwenye kila dramu kuna kihisi kinachogeuza mtikisiko kuwa umeme. Kisanduku hupima nguvu ya pigo, kisha huchagua sauti. Nyavu za namna hii zilipata umaarufu baada ya kampuni ya Roland kutoa dramu za umeme za TD-10 mwaka 1997. Kizingiti cha nguvu inayoamsha sauti kikiwekwa chini mno, pigo la besi huiamsha tomu ambayo haikuguswa. Kikiwekwa juu mno, mapigo laini hupotea. Anagusa, anasikiliza, anapandisha namba moja. Anagusa tena.

Metronomu inaanza kwa mapigo 60 kwa dakika. Kulia, kushoto, kulia, kushoto. Ameshika kijiti kwa dole gumba na kidole cha shahada. Vidole vingine vinakigusa tu. Wavu unakirusha kijiti juu, naye hakizuii, anakisubiri. Vijiti vyote viwili vinapanda kimo kilekile, na kwa kuwa vimeanguka kutoka kimo kimoja, vinatua kwa uzito mmoja. Umeme ukikatika huhamia kwenye mto. Mto haurudishi kijiti, kwa hiyo kila pigo analinyanyua mwenyewe.

Mikono ikishapata moto, anaingia kwenye sebene. Analitafuta pigo la cavacha, lile ambalo Meridjo Belobi wa Zaiko Langa Langa alilisambaza kutoka Kinshasa miaka ya 1970. Mguu wa kulia unakanyaga besi katika kila hesabu: moja, mbili, tatu, nne. Juu yake snea inakimbia kwa mapigo yasiyolingana, mengine makali, mengine ya kunong'ona. Ya kunong'ona ndiyo magumu. Kijiti kinapanda sentimita mbili tu, kati ya mapigo mawili yanayotoka begani, na mkono uleule lazima ubadilike mara moja kutoka nguvu kwenda ulaini.

Anapandisha kasi kidogo kidogo. Mkono wa kushoto ukianza kukakamaa, anarudisha metronomu nyuma na kurudia palepale, bila kununa.

Mwisho anarekodi na kusikiliza. Anazima sauti ya snea, anazima na matoazi, anabakiza besi peke yake. Hakuna kiitikio wala madoido ya kujificha nyuma yake. Ni mguu tu na metronomu. Pigo la nne linachelewa kidogo kila anaporudi kutoka kwenye tomu. Analijua sasa, na wiki nzima atalifanyia kazi hilo.

Jumapili sebene likichanganya, waimbaji watataka kukimbia, na gitaa litawafuata. Waumini watamtazama anavyorusha mikono. Watakaozuiwa wasikimbie ni kwaya nzima, na atakayewazuia ni ule mguu ambao haukumsumbua mama jikoni.