Zaburi 130 na 131: Hamu na Unyenyekevu

Katika kitabu cha Zaburi kuna nyimbo 15, tangu ya 120 mpaka ya 134, zinazoitwa Nyimbo za Kupanda. Wataalamu wengi wanafikiri kwamba Waisraeli waliziimba walipopanda kwenda Yeruzalemu kwa sikukuu. Tunataka kuchungua mbili zilizo jirani, 130 na 131. Liturujia inatupa ya kwanza kwa sala ya usiku wa siku ya tatu, na ya pili kwa masifu ya jioni ya siku ya pili, juma la tatu. Hivi mara nyingi tunazisali mbali mbali. Lakini moja bila nyingine haifahamiki vema.

Zaburi 130 ndiyo De profundis. Hapa Ubundu, kama mahali pengine, tunaifikiri hasa kuwa sala ya marehemu. Desturi ni njema, walakini inaficha neno moja: anayesema ni mtu hai. Yuko chini kabisa, naye anamngojea Bwana kupita mlinzi wa usiku anavyongojea mapambazuko. Mtunzi anarudia maneno ya walinzi mara mbili, kusudi msomaji naye aonje urefu wa usiku. Hiyo ndiyo hamu. Marabi wa Talmud walilishika neno la kwanza la Zaburi hii, wakafundisha kwamba mwenye kusali asisimame mahali pa juu, asimame mahali pa chini.

Zaburi 131 ina aya tatu tu. Moyo haujivuni, macho hayatazami juu, roho imetulia kama mtoto aliyeachishwa maziwa akiwa na mama yake. Mtu atauliza: Je, mtoto huyu hana hamu tena? Basi unyenyekevu unazima hamu? Sivyo. Mtoto anayenyonya anamtafuta mama kwa ajili ya maziwa. Aliyeachishwa anabaki naye kwa ajili ya mama mwenyewe. Unyenyekevu hauui hamu, unaisafisha. Kwa hiyo Zaburi zote mbili zinamalizia kwa kuwaita Israeli wamtumaini Bwana.

Mfano tunao karibu, katika Uganda. Semei Kakungulu alikuwa jemadari Muganda aliyewashindia Waingereza nchi za mashariki. Alitumaini kufanywa mfalme huko, nao wakamkatalia. Alisoma Agano la Kale kwa bidii; mwaka 1919, karibu na Mbale, akatahiriwa pamoja na wanawe, akasema kwamba yeye ni Myuda. Akafa mwaka 1928. Watu wake, Abayudaya, walishika Sabato miaka mingi bila rabi wa kuwaongoza. Wakati wa Idi Amin, tangu 1971 mpaka 1979, dini yao ilikatazwa. Wengi waliiacha, wachache wakasali kwa siri. Mwaka 2002 marabi walitoka ng'ambo, na mamia ya Abayudaya wakaingia majini kama watu wanaoanza dini siku ile. Miaka zaidi ya 80 walijiita Wayuda, halafu wakakubali kupokelewa kama wageni! Wangaliweza kukasirika. Walitaka kuwa pamoja na Israeli kuliko kutetea heshima yao.

Sisi wa Ubundu tunajua kupanda kulivyo. Atokaye Kisangani kwenda Kindu hawezi kupanda mto moja kwa moja, kwani maporomoko ya Boyoma yanamzuia. Ndiyo sababu reli ya kilometa 125 ilijengwa, ikamalizika mwaka 1906. Msafiri ashuke kwanza chomboni. Chombo kingine anakikuta kwetu.

Seminarista anayetamani upadri, na katekista anayeongoza jamaa ya Wakristu bila padri, wajipime hapo. Tunamtaka Bwana, ao tunataka nafasi yake mbele ya watu? Siku tutakaponyimwa nafasi, ndipo tutakapojua. Mwenye hamu bila unyenyekevu atakasirika na kuondoka. Mwenye unyenyekevu bila hamu atabaki, lakini atalala usingizi. Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika Nostra Aetate ya tarehe 28 Oktoba 1965, ulitukumbusha urithi wetu wa pamoja na Wayuda. Tuanze na urithi huu mdogo: usiku wa siku ya tatu, tukiisha kusali 130, tuongeze aya zile tatu za 131. Hazichukui hata dakika moja.