Walezi wa Chembe

Desemba 1963 ndege iliyobeba kipande cha uvimbe kutoka Kampala ilishindwa kutua London kwa ukungu, ikaenda kutua Manchester. Ulikuwa uvimbe wa watoto, ule ambao daktari Denis Burkitt aliukuta tena na tena nchini Uganda. Ulipomfikia mtafiti Anthony Epstein, maji yake yalikuwa yametibuka. Wengi wangesema bakteria hao, mwaga. Epstein alichungulia tone moja kwa hadubini, akakuta chembe za saratani zinaelea, nzima. Zikaoteshwa, na mwaka 1964 yeye na wenzake, Yvonne Barr na Bert Achong, wakaviona virusi ndani yake.

Mgunduzi ana wa kumsifu. Mimi namsifu anayeziotesha chembe.

Virusi hivyo karibu sote tunavyo. Seli T ndizo zinazovilinda visifurukute. Aliyepandikizwa uboho hukaa miezi bila walinzi hao, na seli B zenye virusi zaweza kufumuka zikawa saratani. Miaka ya 1990, huko Memphis, Marekani, watafiti Cliona Rooney, Helen Heslop na wenzao walichukua damu ya mtoa uboho, wakaziambukiza seli B zake makusudi. Zikazaana bila kikomo. Wakazipiga mionzi: uzazi ukakoma, lakini alama za virusi zikabaki usoni. Mateka akafanywa mwalimu! Seli T za mtoa uboho zikiwekwa naye chupani, zinazozitambua alama huongezeka, nyingine hunyauka.

Hapo ndipo ulezi wenyewe. Wiki kadhaa, nyuzijoto 37, na mlezi husoma rangi: mchuzi mwekundu wa kuzilisha chembe ukigeuka njano, chembe zimekula na kuuchafua, zataka mwingine. Hazijui Jumapili wala sikukuu.

Hesabu iliyotolewa mwaka 2010 ni hii: kati ya wagonjwa 101 waliopandikizwa uboho na kupewa seli T hizo kama kinga, hakuna aliyepata uvimbe wa seli B, na kati ya 13 waliokwisha kuupata, kwa 11 ulitoweka usirudi. Baadhi ya seli T, zilizotiwa alama ya kuzitambulisha, zilikutwa zingali hai miaka tisa baadaye.

Ila uvimbe wa Kampala ni mjanja zaidi. Ndani yake virusi vimevua karibu alama zote, vimebakiza protini moja ambayo seli T huiona kwa shida. Watoto wa Burkitt bado wanatibiwa kwa dawa za dripu.