Kuhukumu Simu

Watu wengi hudhani kwamba uhakiki ni kazi ya vitabuni tu. Shairi huhakikiwa, riwaya huhakikiwa, tamthilia huhakikiwa. Lakini simu iliyo mfukoni, ambayo hushikwa mara nyingi kwa siku kuliko kitabu chochote, hupita bila ya kuulizwa neno. Ikitutii twaisifu, ikitukaidi twajilaumu wenyewe. Mama akishindwa kuitumia husema kwamba hakusoma, na mzee husema kwamba mambo hayo ni ya vijana. Nataka kukuonyesha, msomaji, kwamba mara nyingi lawama hiyo hutupwa pasipo mahali pake. Kifaa kina mtunzi, kama shairi lilivyo na mtunzi, na mtunzi huyo hana budi kuhojiwa.

Fikiri kazi ya mshairi. Amefungwa na mizani, amefungwa na vina. Akitafuta kina cha mwisho huenda akaliacha neno lenye maana bora akashika neno lenye sauti bora. Mhakiki mwema hamlaumu kwa kuacha tu, kwa sababu hapana utungo usioacha kitu. Humuuliza alipata nini badala ya kile alichokiacha. Ndivyo ilivyo kwa vifaa. Mtengenezaji wa simu hutaka iwe nyembamba, iwe na nguvu, idumu, itumike kwa urahisi, tena iwe ya bei nafuu. Mambo hayo yote hayakai nyumba moja kwa amani. Wahenga walisema: mshika mbili moja humponyoka. Basi kila simu ni mapatano, na katika kila mapatano yuko apataye na yuko apotezaye. Kwa sababu hiyo mhakiki wa kifaa ana maswali matatu. Kimeachwa nini? Nani amelipa? Naye aliyelipa, je, aliambiwa?

Tuanze na swali la kwanza, na mfano wetu uwe betri. Mwaka 2003 kampuni ya Nokia ilitoa simu iliyoitwa Nokia 1100, ambayo iliuzwa kwa zaidi ya milioni 250 duniani. Haikuwa na kamera, na kioo chake hakikuonyesha rangi. Lakini ilikuwa na tochi, vibonye vyake vilikingwa na vumbi, na betri yake ilitoka kwa kusukuma kifuniko kwa kidole gumba. Nchini Kenya simu za namna hii zenye tochi zilipewa jina la mulika mwizi, jina la mzaha lenye heshima ndani yake, kwani watu hawakipi jina la nyumbani kitu wasichokipenda. Betri ilipochoka, mwenye simu alinunua nyingine dukani, akaitia mwenyewe, akaendelea na safari yake.

Mwaka 2007 kampuni ya Apple ilianza kuuza iPhone, nayo betri yake ilifungiwa ndani. Baadaye kampuni nyingine nyingi zilifuata njia hiyo. Tusiwe wepesi wa kulaani. Betri isiyo na kifuniko chake huacha nafasi kubwa zaidi ndani ya simu. Simu huweza kuwa nyembamba, na ni rahisi zaidi kuizuia isiingie maji. Hizo ni faida za kweli. Lakini betri ya lithiamu huchakaa kadiri inavyochajiwa na kutumiwa, na siku ya kuchakaa kwake mwenye simu hana tena kifuniko cha kusukuma. Sharti aende kwa fundi, fundi aipashe simu moto ili gundi ilegee, aifungue kwa hadhari asivunje kioo, naye mwenye simu alipe. Mwenye mali huona ni heri anunue simu mpya. Asiye na mali hutembea na waya wa kuchajia siku zote, akitafuta ukuta wenye umeme kama msafiri atafutaye kisima. Kilichoachwa hapa ni uwezo wa mtu kukitengeneza kitu chake mwenyewe, na uwezo huo una thamani kubwa kwa yule ambaye hawezi kununua kingine.

Swali la pili ni la nani alipaye, na hapa nitatoa mfano wenye sifa, ili usidhani kwamba mhakiki ni mtu wa kulaumu tu. Mwezi Machi mwaka 2007 kampuni ya Safaricom ilianzisha M-Pesa nchini Kenya. Watungaji wake wangaliweza kutaka picha na rangi za kupendeza. Badala yake waliweka huduma hiyo ndani ya kadi ya simu yenyewe, kwa orodha fupi za maandishi, hata simu ya bei ndogo kabisa ikaweza kutuma fedha bila ya intaneti. Orodha hizo hazina uzuri wowote. Mtumiaji hupita hatua baada ya hatua: achague kutuma, aandike nambari, aandike kiasi, aandike nambari ya siri, athibitishe. Uzuri uliachwa, na upesi uliachwa pia. Lakini muuza mboga na mwenye duka kubwa waliingia kwa mlango mmoja. Katika mapatano haya aliyelipa ni jicho, na aliyepata ni mnyonge. Mimi nayahesabu kuwa miongoni mwa mapatano mema ya wakati wetu.

Hata hivyo, mapatano mema nayo yana ufa wake. Hapo mwanzo mtumaji aliliona jina la mpokeaji katika ujumbe uliokuja baada ya fedha kwisha kwenda. Kosa la tarakimu moja lilitosha kupeleka karo ya mtoto kwa mtu asiyejulikana, na mtumaji akabaki kubembeleza nambari ya mgeni. Jamaa walimwambia kwamba hakuwa mwangalifu. Lakini utazame vema mpango huo, msomaji: ulimtaka mtu asikosee kamwe, ilhali kukosea ni tabia ya vidole vyote. Baadaye iliongezwa huduma ya Hakikisha, ambayo humwonyesha mtumaji jina kabla fedha hazijaondoka, na kumwachia kitambo kidogo cha kusitisha. Kwa kuongeza hatua hiyo moja, kazi ilichelewa kidogo, na wengi waliokoka. Haraka haraka haina baraka ni methali tunayoitumia kuwaonya watoto. Kumbe yafaa pia kuwaonya wanaotunga vifaa. Jambo la kukumbuka ni hili: vidole vya watu havikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni mpango, na hatari ikapungua. Hiyo ni hoja yenye nguvu kwamba kosa halikuwa la mtumiaji peke yake.

Swali la tatu ni zito kuliko yote mawili. Mwezi Desemba mwaka 2017 kampuni ya Apple ilikiri kwamba programu zake zilikuwa zikipunguza kasi ya baadhi ya simu zenye betri zilizochakaa. Ilieleza kwamba kusudi lake lilikuwa kuzizuia simu hizo zisizimike ghafula. Sababu hiyo si ya kuchekwa; simu ya polepole ni afadhali kuliko simu inayozima katikati ya jambo la dharura. Lakini wenye simu hawakuwa wameelezwa waziwazi. Mtu aliona simu yake imekuwa nzito, akadhani imezeeka yote, ilhali betri mpya ingaliirudishia kasi yake. Kampuni iliomba radhi, ikapunguza bei ya kubadilisha betri nchini Marekani kutoka dola 79 hadi dola 29. Hapa, msomaji, mapatano yenyewe yaweza kutetewa, bali siri yake haitetewi. Aliyeambiwa huchagua; asiyeambiwa huchaguliwa. Mtu akichaguliwa mambo yake kwa siri, hata kama ni kwa heri yake, amepunguziwa utu wake.

Wako wasemao kwamba mambo haya hayana dawa, kwamba hakuna masika yasiyokuwa na mbu, na kwamba atakaye simu ya kisasa avumilie. Methali ni ya kweli, lakini hutumiwa vibaya hapa. Mbu huletwa na masika. Betri iliyofungiwa huletwa na uamuzi wa watu waliokaa mezani. Uamuzi wa watu huweza kubadilishwa na watu. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayotaka betri za vifaa vingi vya mkononi ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe kuanzia Februari 2027. Sheria hiyo ina vighairi vyake, wala si dawa ya kila ugonjwa. Lakini yathibitisha kwamba lililofungwa kwa hiari laweza kufunguliwa kwa hiari.

Basi kifaa kikikushinda, usiharakishe kujiita mjinga, wala usiharakishe kukiita kibovu. Keti nacho kama unavyoketi na shairi gumu, uyaulize maswali matatu. Huenda ukaona kwamba tabu unayoipata ndiyo bei ya faida unayoipenda, ukaridhika. Huenda ukaona kwamba walipa wewe ili apate mwingine, ukawa na haki ya kusema. Na miongoni mwenu wanaosoma ukurasa huu wako watakaotunga programu na vifaa vya kesho. Kwao nina neno moja zaidi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake: kabla hujakiuza kitanda chako, kilalie usiku mmoja, tena ulale upande ule atakaolala maskini.