Kuta za Douro

Kuna kipande cha barabara ya N222 kinachotoka mji wa Peso da Régua, kaskazini mwa Ureno, kikaambaa na ukingo wa kusini wa mto Douro mpaka Pinhão. Ni kilomita kama 27 tu. Wengi huzipita macho yakiwa majini, na kweli mto unapendeza, mpana na mtulivu tangu ulipojengewa mabwawa katika karne iliyopita. Lakini ukiwa abiria, inua macho utazame milima.

Miteremko yote imejengwa. Kutoka karibu na maji hadi mabegani mwa mlima imekatwa ngazi kwa ngazi, na kila ngazi imeshikiliwa na ukuta wa mawe yaliyopangwa kwa mkono, bila saruji wala chokaa. Wareno huyaita matuta hayo socalcos. Juu yake hukaa mizabibu inayotoa mvinyo wa Porto, katika eneo ambalo waziri wa mfalme wa Ureno, Marquês de Pombal, alianza kuliwekea mipaka mwaka 1756, likazungushiwa nguzo za itale.

Udongo wa kulima haukuwepo. Mlima ni shisti, jiwe la kijivu chenye ukahawia linalobanduka mabapa mabapa. Watu waliuvunja kwa nyundo na mitaimbo. Vipande vizuri vikaenda ukutani, vilivyosagika vikawa shamba. Wengi wao walikuwa vibarua waliovuka mpaka kutoka Galicia, Hispania, na majina yao hayakuandikwa popote kwenye kuta hizo.

Kazi yenyewe inahitaji jicho zaidi ya nguvu. Fundi huchimba kwanza hadi afikie mwamba, kwa sababu ukuta uliokaa juu ya udongo utashuka nao. Mawe makubwa hulala chini. Kila jiwe la juu lazima lilalie mawili na kufunika pale yanapokutana. Viungo vikifuatana kwenye mstari mmoja toka chini hadi juu, hapo ndipo ukuta utakapopasuka. Jiwe refu lingependeza likilazwa ubavu, urefu wake wote ukionekana barabarani. Fundi mzuri hafanyi hivyo. Hulisukuma ndani ya mlima, kikabaki kichwa tu nje, likaung'ang'ania mteremko kama msumari. Kisha uso mzima wa ukuta huinamishwa kidogo kuelekea nyuma, uegemee kile unachokizuia.

Nyuma ya uso huo kuna kazi ambayo hakuna mgeni atakayeipiga picha. Nafasi iliyobaki kati ya ukuta na mlima hujazwa vipande vidogo na kokoto, tena kwa kupangwa. Mvua za majira ya baridi zikishuka, maji hupita humo na kuchuruzika nje kwenye mianya ya mawe. Ukiuziba ukuta huo kwa saruji ukidhani unauimarisha, maji yatajikusanya nyuma yake na kuusukuma mpaka utoe tumbo, na hatimaye uanguke. Fundi akiitwa kuutengeneza, hubomoa hadi chini ya tumbo lile, akayachambua mawe kwa ukubwa, akaanza upya kwa mawe yaleyale. Mimi naustahi sana uashi wa namna hii, ambao kuharibika kwake hakumpotezei mtu hata jiwe moja.

Katika kuta kongwe zaidi utaona matundu yaliyoachwa makusudi, yamepangwa kwa safu. Yanaitwa pilheiros. Mzabibu ulipandwa ndani ya tundu, ukachomoza ukutani kwa ubavu, ili sehemu tambarare ya juu ibaki kwa nafaka. Watu walikuwa na ardhi ndogo mno hata wakalima ukuta wenyewe!

Miaka ya 1860 ikaingia filoksera, mdudu wa asili ya Amerika anayeshambulia mizizi. Mashamba yakafa, na matuta mengi hayakurudiwa tena. Yale yaliyoachwa huitwa mortórios, nayo bado yapo, vichaka na mizeituni vikiota kati ya kuta. Waliorudi shambani walipandikiza mizabibu yao juu ya mashina ya Kimarekani, wakajenga matuta mapana zaidi, yenye kuta zilizonyooka.

Ukifika Pinhão, tazama vigae vya buluu vya stesheni ya reli, vinavyoonyesha mavuno na mandhari ya bonde, halafu panda gari hadi kijiji cha Casal de Loivos. Kutoka pale juu utazitambua zama hizo bila kuelezwa: ngazi nyembamba zilizopinda ni za kale, zilizonyooka ni za baada ya filoksera. Kingo za udongo mtupu zisizo na jiwe zilianza kuchongwa kwa mashine miaka ya 1970, trekta ipate kupita. Simlaumu mkulima, vibarua ni ghali na kuta hazingoji. Ila ukingo wa udongo, kwa kuwa lazima ulale, hula nafasi ambayo ukuta uliosimama ungeiachia mizabibu, na mvua kubwa huumega. UNESCO ililiingiza bonde hili katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, na matuta ndiyo sehemu kubwa ya sababu. Kuyatunza kunahitaji mafundi wanaojua jiwe lipi liingie wapi, na ujuzi huo hupatikana kwa kufanya kazi kando ya fundi mwingine, msimu baada ya msimu.