Miswada ya Kale katika Maktaba ya Kielektroniki: Picha au Matini?

Michael Hart alipoanzisha Project Gutenberg katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, mwaka 1971, aliingiza matini katika kompyuta herufi kwa herufi. Kitabu cha kielektroniki kina sura nyingine pia: picha ya ukurasa, ambayo hutazamwa tu. Kwa vitabu vilivyopigwa chapa tofauti hiyo si kubwa. Kwa miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, ndiyo kiini cha mambo.

Baadhi ya miswada iliyohifadhiwa SOAS, London, iliyokusanywa na akina W. E. Taylor na William Hichens, sasa yaonekana kwa picha katika maktaba ya kielektroniki ya chuo hicho. Wako wanaoshikilia kwamba picha yatosha. Hoja yao ina uzito, kwani picha hutunza mkono wa mwandishi, kama ule wa Muhamadi Kijuma wa Lamu, ambao unukuzi hauwezi kuutunza.

Lakini picha haisomeki yenyewe. Katika mwandiko wa zamani, herufi *be* yaweza kubeba sauti za b, p na mb. Hivyo umbo moja laweza kusomwa *baba*, *papa*, *pamba* au *bamba*. Anayeamua ni msomaji ajuaye lahaja na kanuni za utungo. Kompyuta haiwezi kulitafuta neno *pamba* kabla ya mtu kuamua kwamba ndilo.

Hata hivyo, kuweka unukuzi wa Kirumi peke yake ni hatari vilevile. Mhariri akigeuza *nti* ya Kiamu kuwa *nchi* ya Kiswahili sanifu, huenda akavunja kina, na kosa hilo likahesabiwa kuwa la mtunzi.

Kwa maoni yetu, maktaba iliyo kamili haina budi kuweka mambo matatu sambamba: picha; matini katika hati zake za asili; na usomaji wa Kirumi wenye jina la msomaji na kuonyesha kila penye shaka. Kisingizio cha mitambo kimekwisha, kwa kuwa tangu 1991 mfumo wa Unicode una herufi za Kiarabu, pamoja na zile za Kiajemi za p na ch. Kinachopungua ni wasomaji. Idara isiyofundisha hati hizi itawarithisha wanafunzi wake hazina ya picha wasizoweza kuzisoma.