Ukuta wa Pemba: Nani Ataandika, Nani Atasoma?

Utangulizi

Katika makala haya nakusudia kulitazama jambo ambalo wahakiki wetu wa fasihi hawajalizoea, nalo ni ukuta wa uwanja wa ndege. Najua wapo watakaoguna: "Fasihi na ndege, wapi na wapi?" Jibu langu ni fupi. Mhakiki ni msomaji, na chochote kilichotungwa ili kitazamwe na umma kina fani na maudhui, kwa hiyo kinahakikika. Tumezoea kuuliza dhamira ya riwaya ambayo imesomwa na watu mia mbili. Mbona hatuulizi dhamira ya ukuta utakaotazamwa na kila anayeingia kisiwani?

Swali hili lina wakati wake. Serikali ya Zanzibar imekwisha kutangaza mpango wa kuupanua uwanja wa ndege wa Pemba ili upokee ndege kubwa. Hapa kwetu Gombani, pembeni mwa mji wa Chake Chake, habari hiyo inazungumzwa barazani kama inavyozungumzwa habari ya mpira: njia itakuwa na urefu gani, itatua ndege gani, watalii watakuja wangapi. Swali ambalo halijapata muulizaji ni hili: jengo jipya litasema nini? Kwani kila jengo la umma husema, hata likinyamaza.

Sisi wa Gombani tumeshaonja kidogo mambo ya kupokea wageni. Januari 2025 Kombe la Mapinduzi lilichezwa katika uwanja wetu, zikaja timu za taifa za Kenya na Burkina Faso, na Zanzibar ikalichukua kombe kwa kuifunga Burkina Faso 2-1. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini mgeni yule akiulizwa kwao, "Pemba ni nini?", atajibu nini zaidi ya magoli? Hapo ndipo kazi ya sanaa inapoanzia.

Wenzetu wamefanya nini?

Sanaa katika viwanja vya ndege si jambo la jana. Mwaka 1937 mchoraji Arshile Gorky alimaliza michoro 10 ya ukutani kwa ajili ya uwanja wa ndege wa Newark, Marekani, kwa fedha za mpango wa serikali wa kuwapa wasanii kazi wakati wa shida ya uchumi. Baadaye kuta zile zilipakwa rangi, michoro ikafunikwa. Katika miaka ya 1970 ilipatikana miwili tu chini ya matabaka ya rangi. Minane imepotea moja kwa moja. Hebu fikiri, msomaji: msanii wa daraja ile, kazi ya umma, fedha za umma, na aliyeifuta ni mtu mwenye ndoo na brashi ambaye hakuambiwa kitu.

Kisa cha pili ni cha Alexander Calder. Kazi yake ya kuning'inia, iliyotengenezwa mwaka 1958, iliwekwa katika uwanja wa ndege wa Pittsburgh. Ilikuwa nyeusi na nyeupe, na uzuri wake ulikuwa katika kucheza kwa upepo. Wenye uwanja wakaipaka kijani na dhahabu, rangi za utawala wa eneo lao, kisha wakaikaza isicheze. Msanii alikuwa hai, akalalamika, asisikilizwe. Ni sawa na mchapishaji kuyageuza mashairi ya mtu kuwa insha na kuliacha jina lake juu ya jalada.

Kisa cha tatu ni cha Denver. Luis Jiménez alipewa kazi ya kutengeneza farasi wa buluu, mwenye urefu wa zaidi ya mita 9. Kazi ilichelewa miaka mingi. Mwaka 2006 kipande chake kilimwangukia msanii mwenyewe katika karakana yake, kikamuua. Farasi akasimamishwa mwaka 2008, na mpaka leo wapo wakazi wanaomwita jina la shetani kwa sababu ya macho yake mekundu yanayowaka usiku. Mimi simuoni kuwa ni kazi mbaya. Ana hasira, ana uhai, na hakuna anayempita asimkumbuke. Kuchukiwa na baadhi ya watu si dalili ya kushindwa. Kushindwa ni kupitwa bila kuonekana.

Tuje karibu na njia zetu. Ndugu zetu wengi wanaokwenda Ghuba na Ulaya hupitia Doha, katika uwanja wa Hamad uliofunguliwa mwaka 2014. Katikati ya ukumbi amekaa dubu mkubwa wa manjano, kazi ya Urs Fischer, wa shaba nyeusi na mwenye urefu wa kama mita 7, ameegemea taa. Ni mwanasesere wa mtoto aliyekuzwa akawa mkubwa kuliko nyumba. Watu hupiga naye picha. Lakini swali la mhakiki liko palepale: dubu yule anasema nini juu ya Qatar? Naona anasema kwamba mwenye mali anaweza kununua chochote na kukiweka popote. Hiyo nayo ni dhamira, ila si dhamira ya kuigwa na kisiwa cha karafuu.

Maudhui: nani anaaga, nani anapokewa?

Kosa kubwa linaloweza kutokea Pemba ni kudhani kwamba sanaa ya uwanja wa ndege ni mapambo kwa ajili ya mtalii. Ikidhaniwa hivyo, najua kitakachofuata. Ataagizwa tembo. Atafuata simba, kisha Mmasai mwenye mkuki, kisha machweo mekundu na mbuyu. Sina ugomvi na Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Oysterbay, Dar es Salaam, mnamo 1968 na kuuawa mwaka 1972, alianzisha mtindo ambao ni fahari ya Tanzania nzima. Lakini Pemba haina tembo wala simba. Mnyama wetu wa peke yetu ni popo wa Pemba, yule mkubwa anayekula matunda, asiyepatikana kisiwa kingine chochote duniani. Sasa jamani, kisiwa kina kiumbe chake kinachoruka, tunajenga uwanja wa kurukia, halafu tunamwazima tembo!

Hata hivyo suala la wanyama ni dogo. Kubwa ni la watu. Uwanja wa ndege ni mahali pa kuagana, na kuagana kwetu kuna historia nzito. Wapemba wameenea Dar es Salaam, Mombasa, Maskati, London na kwingineko. Wengine walifuata biashara na masomo, wengine walikimbia. Baada ya mauaji ya Januari 2001, zaidi ya watu 2,000 walivuka bahari kwa vyombo hadi Shimoni, Kenya. Sanaa itakayowekwa mahali pa kuondokea na kurejea, ikaonyesha karafuu na tabasamu tu, itakuwa imesema nusu ya maneno. Sidai kwamba ukutani pachorwe risasi. Nadai kwamba msanii aruhusiwe kujua kuwa safari ya Mpemba si ya likizo siku zote, na kwamba mama anayempungia mwanawe mkono huwa hana uhakika wa siku ya kurejea.

Wapo watakaosema kuwa Zanzibar haiwezi kubeba kazi za namna hiyo mahali pa umma. Hao nawakumbusha Mkunazini, Mji Mkongwe, penye ukumbusho wa watumwa uliotengenezwa na Clara Sörnäs mwaka 1998. Watu wa saruji wamesimama shimoni, shingoni wana minyororo. Kazi ile haikumbembeleza mtu, na watu wa kila nchi husimama mbele yake kimya. Kumbe inawezekana, mahali pakiwa ndipo, na dhamira ikiwa ya kweli.

Fani: ukili, nakshi na maandishi

Ama kwa upande wa fani, wazee wengi wa hapa hawatapenda sanamu ya mtu au mnyama, na sababu yao ya kidini inajulikana. Wahakiki vijana hulichukulia jambo hili kuwa kikwazo. Mimi naliona kuwa ni mlango. Pwani yetu imekuwa ikisema kwa nakshi na maandishi kwa karne nyingi. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Milango yetu imechongwa maua, minyororo na maneno. Kanga ni maandishi yanayotembea. Kwa Mswahili, neno lililoandikwa vizuri ni picha tosha.

Kisha tunao ukili. Mwanamke wa Pemba huchukua miyaa, akaichovya rangi, akasuka ukanda mmoja mwembamba, halafu akaushona ukanda hadi ukawa mkeka. Hiyo ni hesabu, ni subira, na ni lugha yenye mifano yake. Mkeka uliokuzwa ukawa ukuta mzima, kwa vigae au kwa mbao zilizochongwa, ungeonekana tangu mlangoni na ungetambuliwa na bibi wa Micheweni kabla ya kutambuliwa na mtalii. Nasema vigae na mbao makusudi. Miyaa yenyewe haiwezi kukaa ukumbini miaka 20 kwa unyevu, mchwa na masharti ya kuzuia moto.

Ninalolitamani zaidi ni la fasihi. Pemba ina Kamange na Sarahani, washairi wakubwa waliojibizana kwa tungo, ambao kazi zao zimekusanywa katika kitabu Kale ya Washairi wa Pemba kilichotoka mwaka 2011. Wangapi kati ya wanaopita uwanja wa ndege wanawajua? Uwe na kuta mbili zinazotazamana, moja ya wanaofika, nyingine ya wanaoondoka. Ukuta mmoja umpe Kamange, wa pili umpe Sarahani, kwa hati ya Kiarabu na ya Kirumi, wajibizane juu ya vichwa vya abiria. Hapo jengo litakuwa na malumbano ndani yake, na malumbano ndiyo roho ya ushairi wetu. Mtalii asiyejua Kiswahili ataona nakshi. Mwenyeji atasoma. Kila mmoja atapata fungu lake, na fungu la mwenyeji litakuwa kubwa zaidi, kama inavyostahili nyumbani kwake.

Mipango: kabla ya saruji

Haya yote ni maneno matupu yasipopangwa mapema. Desturi mbovu ni kujenga kwanza, kufungua kwa sherehe, halafu kutafuta "picha za kupambia". Wakati huo ukuta umeshajaa matangazo ya biashara, taa ziko mahali pasipofaa, na dari haiwezi kubeba uzito. Msanii anatakiwa akae meza moja na msanifu wa majengo tangu michoro ya mwanzo, ili ajue ukuta upi utapata mwanga, dari itabeba kilo ngapi, watu watatoka wapi moto ukitokea, na ni alama gani za kuongozea abiria zisizoruhusiwa kuzibwa.

Pili ni fedha. Ufaransa, mwaka 1951, iliamua kutenga asilimia 1 ya gharama za majengo ya shule kwa ajili ya sanaa. Mji wa Philadelphia ukafanya sheria ya aina hiyo mwaka 1959. Asilimia moja si nyingi, lakini ikiandikwa ndani ya mkataba haiwi sadaka tena, inakuwa haki. Na itengwe pia ya matunzo. Kisa cha Newark kinatufundisha kuwa kazi isiyo na mtunzaji ina adui mwenye ndoo.

Tatu ni haki ya msanii. Zanzibar ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2003. Mkataba useme wazi kwamba kazi haitabadilishwa rangi wala umbo bila ridhaa ya mtunzi, yasije yakatukuta ya Pittsburgh. Wachaguzi nao wasiwe wakubwa wa ofisi peke yao. Wawemo wasusi, wachongaji, walimu wa fasihi na watu wa kawaida.

Nne, na hili ndilo linaloniuma zaidi: umma ni nani? Wapemba walio wengi hawapandi ndege. Wanashuka Mkoani kwa boti, na mizigo yao mabegani. Sanaa iliyolipwa kwa fedha ya wote ikafungiwa nyuma ya mashine ya ukaguzi, ambako asiye na tiketi hafiki, si sanaa ya umma. Kwa hiyo kazi kubwa iwekwe nje, mahali wanapokaa wasindikizaji na madereva, nayo iwe na mwenzake katika bandari ya Mkoani. Kama fedha hazitoshi pote pawili, mimi naanza na Mkoani.

Hitimisho

Kwa kumalizia, nasisitiza kuwa ukuta wa uwanja wa ndege ni ukurasa. Tusipouandika sisi, utaandikwa na kampuni ya simu, au na fundi wa tembo. Nawaomba wahakiki wenzangu wa vyuoni waache kungoja kazi zifike mezani zikiwa zimefungwa jalada. Waende kwenye vikao vya mipango, waulize maswali ya fani na maudhui kabla saruji haijakauka. Anayeona kwamba nimekosea kumpa mshairi ukuta ambao ungempasa mchoraji, au kwamba Mkoani haistahili kutangulia, na aandike. Uwanja uko wazi, na kwa sasa kuta bado ni tupu.