Fremu Inapinda, Bawaba Ndiyo Inayovunjika

Bila shaka umeshaiona ile video. Mtu anashika miwani, anaipinda mpaka ncha zinakaribia kugusana, anaiachia, nayo inarudi kama haijaguswa. Chini yake imeandikwa "haivunjiki", pamoja na bei ambayo hata mwanafunzi anaimudu. Mimi niliiona, nikaamini, nikaagiza. Miezi minne baadaye, asubuhi ya kutetea pendekezo langu la utafiti, nilivua miwani nifute jasho, kikono cha kulia kikabaki kiganjani. Niliwasilisha nikiwa nimeifunga kwa selotepu, na grafu zangu mwenyewe nilizisoma kwa kubahatisha.

Basi huu ni uhakiki wa video ile. Sisemi ni ya uongo. Fremu yangu ilipinda kweli kama ilivyoahidiwa, na hadi leo sehemu yake ya mbele haina hata ufa. Tatizo ni kwamba video inapima kitu ambacho hakitakusumbua. Ni kama dalali anayekugongea ukuta wa nyumba usikie ulivyo imara, huku mlango unaning'inia.

Tuangalie jinsi miwani inavyokufa. Kikono, yaani kile kijiti kinacholala juu ya sikio, kina urefu wa kama milimita 140. Bawaba inayokishika ina upana wa milimita chache tu, tuseme 4. Ukivua miwani kwa mkono mmoja, unakivuta kikono kwa nje kwenye ncha yake. Hapo umetengeneza wenzo, ule ule wa fizikia ya sekondari: 140 gawanya kwa 4 ni 35. Kwa hiyo nguvu inayotosha kuinua nusu kilo ya sukari inafika kwenye bawaba kama mzigo wa kilo 17 na nusu. Ni makadirio, ndiyo, lakini unaona mzigo unakoelekea.

Sasa fanya hivyo mara mbili kwa siku. Kwa mwaka ni zaidi ya mara 700. Metali nayo huchoka: ufa usioonekana unaanza, unakua kidogo kila ukivua, halafu siku moja unasikia "tak". Ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha fremu, ISO 12870, kina kipimo cha ustahimilivu ambapo kikono huzungushwa mizunguko 500, kisha fremu inakaguliwa kama imevunjika au imepoteza umbo. Kuipinda mara moja mbele ya kamera si kipimo cha uchovu hata kidogo.

Utaniuliza, je, malighafi haina maana? Inayo, ila kila moja ina upande ambao tangazo haliutaji. TR90 ni aina ya nailoni, nyepesi na yenye kunyumbulika. Lakini bawaba yake imeshikiliwa na plastiki, na plastiki ile ikipasuka huwezi kuichomelea, na gundi haishiki nailoni vizuri. Ile "metali yenye kumbukumbu" ni mchanganyiko wa nikeli na titani uliogunduliwa katika maabara ya jeshi la majini la Marekani, na ni maajabu kweli. Ila mara nyingi huwekwa kwenye daraja la puani na vikono tu, huku bawaba ikiwa ya metali ya kawaida. Titani yenyewe haishiki kutu na ina uzito wa kama nusu ya chuma, lakini kuichomelea kunahitaji vifaa ambavyo fundi wa mtaani hana. Fremu nyingi za metali za bei rahisi ni moneli, yaani nikeli na shaba. Rangi ya juu ikibanduka, jasho linaigeuza kijani, na nikeli huwawasha baadhi ya watu. Asetati, inayotokana na selulosi ya pamba au miti, hulainika kwa joto. Fundi atakurekebishia vizuri, ila usiisahau kwenye dashibodi ya gari mchana.

Kwa hiyo ukiwa mtandaoni, acha video, tafuta picha ya bawaba na uikuze. Hesabu vile vidole vyake vinavyopishana: vitatu ni kawaida, vitano ni imara zaidi. Angalia kama kuna skrubu inayoonekana, kwa sababu skrubu maana yake kuna kitu cha kubadilisha. Springi ndani ya bawaba inasaidia kupunguza ule mvuto wa nje, ila ikifa kutengeneza kwake ni shughuli. Kama muuzaji hana picha ya bawaba, muombe. Akikwepa, mwache aende zake.

Kisha soma namba zilizo upande wa ndani wa miwani yako ya zamani, mfano 52-18-140: upana wa lenzi, daraja, na urefu wa kikono, vyote kwa milimita. Ukinunua fremu nyembamba kuliko kichwa chako, vikono vinatanuliwa kutwa nzima, na bawaba inabeba mzigo hata ukiwa umekaa tu unasoma.

Wapo watakaosema: kwa bei ile, si nanunua nyingine tu? Sawa, lakini nyingine inafika baada ya wiki kadhaa, na sisi tunaonunua za bei rahisi ndio tusiokuwa na ya akiba. Katikati hapo kuna mhadhara, kuna mtihani, kuna barabara ya kuvuka. Wanaotuuzia miwani wanajua hilo vizuri kuliko sisi, na bado wanatuonyesha ukuta.

Mimi sasa navaa chuma cha pua, bawaba ya vidole vitano. Naivua kwa mikono miwili, na marafiki wananicheka. Mwezi uliopita skrubu moja ililegea ikadondoka. Fundi wa miwani pale kituo cha daladala aliweka nyingine kwa dakika tano, nikawahi kipindi.